Jaribio la Ukucha

Kiswahili hakikujisumbua:
madini ni risasi, na kinachoua ni risasi.
Baba mdogo Mlekwa alitumia neno moja
kwa donge lililolala sufuriani
na kwa kile kilichotoka mdomoni mwa gobore.
Sisi watoto tulijua kwa sauti yake
anaisema ipi.

Ipole, mwaka wa mvua haba.
Alirudi na gunia kutoka gereji za Gongoni, Tabora mjini:
vyuma vidogo vya kubalansi tairi,
vimeng'olewa kwenye rimu za malori ya tumbaku.
Akaviyeyusha, akaengua taka kwa kijiko cha uji
(kijiko hicho hakikurudi mezani),
akamimina kwenye kalibu,
risasi zikatoka za mviringo, za kijivu,
kama macho ya samaki aliyepikwa.

Ila hazikumtosha.
Alizikwaruza kwa ukucha wa gumba.
Ukucha ukaacha mfereji.
Hakusema kitu, nasi hatukuuliza.
Nyati wa Mto Ugalla aliipokea ya namna hii begani,
ikajipaka mfupani kama samli kwenye mkate,
na nyati akaendelea kuja.
Aliyekuwa mbele hakuwa Mlekwa.

Mama mdogo Nyanzala alikuwa na tanuri,
udongo wa kichuguu, mlango wa bati,
skonzi za kuuza stendi.
Skonzi zikishatoka alfajiri, joto lingalimo,
mwanamume anaingia na trei yake.
"Mlekwa, wateja wangu watakula baruti!"
"Baruti haimo. Ni risasi tu."
"Ni risasi tu, anasema. Mungu wangu."
Trei ikakaa humo muda wa kwenda kisimani na kurudi:
zisiyeyuke, zikaribie kuyeyuka,
zijue mlango ulipo, zisiufungue.

Kazi yangu ilikuwa ndoo.
Maji ya kisima, baridi ya usiku bado imo.
"Usisogee. Usipepese."
Akainamisha trei.
Nilitegemea kishindo;
zikasema chwii, mara moja,
kama mtu aliyeungua kidole na hataki watu wajue.
Nikazamisha mkono, nikatoa moja, nikaibonyeza.
"Bado," akanicheka. "Maji hayaleti ugumu.
Maji hufunga mlango tu.
Ugumu huja wenyewe, ndani, wewe umelala."
Tukahesabu juma zima.
Ukucha ukateleza.

Nyati yule hakuonekana tena.
Miaka ikaenda; serikali ikatangaza siku za kusalimisha,
gobore likapelekwa ofisi ya kata
limeviringishwa kwenye kanga ya Nyanzala,
likaandikwa daftarini, likapewa namba.
Kopo la risasi hakuna aliyeliulizia.

Mimi leo ni fundi mwashi, Ng'ambo.
Baada ya arobaini ya Mlekwa nimelikuta darini,
kopo la maziwa ya unga, kutu shingoni.
Nikatoa moja, nikaitia ukucha.
Mfereji.
Ya pili, ya tatu. Zote.
Miaka ishirini na sita gizani, bila mkono wa mtu,
zimelegea zenyewe, kidogo kidogo,
kama ndita za paji lake siku zile za mwisho
aliponiita kwa jina la baba yangu
na mimi nikaitika.

Nilihitaji timazi; ya zamani iliibwa saiti.
Nimeyeyusha saba, nimemimina kwenye shimo la mchanga,
nimetia kitanzi cha waya.
Tanurini sikuipeleka, wala majini.
Iache laini.

Asubuhi hii inaning'inia ukutani kwa mwalimu Msonde,
inazungukazunguka, inatafuta chini ni wapi.
Kibarua mpya ananiuliza, fundi, hicho kitu gani?
Risasi, nikamwambia.
Akarudi nyuma hatua moja.